Trei ya Mayai na Albamu ya Pili

Nilitumwa mayai. Sikutumwa maoni. Naomba hilo lieleweke mapema, maana leo siku ya pili mama watoto anaongea na mimi kwa kupitia mtoto. "Mwambie baba yako chai iko mezani." Mtoto kasimama katikati yetu, mimi huku hatua mbili, mama yake kule hatua mbili, ananigeukia kwa adabu zote: "Baba, chai iko mezani." Naiona. Chai kavu, na kipande cha muhogo wa jana.

Chanzo cha yote ni mwimbaji Marioo. Tena si yeye, masikini, yeye hata hanijui. Chanzo ni watu na albamu yake ya pili, The God Son. Tangu alipoiachia mwisho wa Novemba 2024, Mbagala hapakaliki. Kinyozi anazima mashine ili akuulize vizuri. Kijana wa madumu ya maji anashusha dumu la kwanza, anatoa maoni, ndipo anashusha la pili. Kwenye kikoba nasikia marejesho yalisogezwa mbele kwa sababu akina mama walishikana mashati juu ya wimbo gani unafaa kuingilia ukumbini. Na mwenye nyumba, ambaye akinipigia mwezi kama huu huwa naiacha simu iite mpaka ichoke, safari hii nikaipokea kwa bahati mbaya. Akaniuliza kama nimeusikia ule wimbo wa Nairobi, aliomshirikisha Bien wa Kenya. Moyo ukatulia. Nikasema nimeusikia baba, mtamu sana. Akasema, "Haya, na ile miezi sita?"

Sasa mayai. Trei ya Mtongani inapungua jero ukilinganisha na ya kwetu Kizuiani, na mimi ni mtu ninayeheshimu jero. Nikaenda, nikachagua, nikayakagua moja moja kwenye mwanga wa jua kama daktari anavyokagua picha. Mayai thelathini. Kurudi, daladala zimejaa hadi konda ananing'inia kwa vidole, nikaona hapana, mayai haya yana heshima zao. Nikachukua boda. Akasema buku mbili, nikasema buku, tukaishia buku jero. Jero niliyoiokoa kwenye mayai ikaishia pale pale, lakini tuendelee.

Kijana alikuwa mpole, ana kofia ngumu, jambo ambalo lilinipa imani. Kofia yenyewe kumbe kaivalisha kwenye tenki, chini yake ndiyo kuna spika. Nikakaa, trei mapajani, mikono miwili imeikumbatia. Tukaondoka. Besi ikaanza kupanda kutoka kwenye tenki, ikaja kwenye kiti, ikaingia kwenye magoti, ikafika kwenye mayai. Nikawa nayasikia yanaongea.

"Mzee wangu," akasema, "umeshaisikiliza The God Son?"

Nikajibu kwa hadhi ya umri wangu. "Kijana, mimi ni mtu wa Sikinde."

Nilidhani nimefunga mjadala. Mtu akikuambia yeye ni wa Sikinde, ile bendi ya dansi ya zamani, kwa kawaida unamwonea huruma, unanyamaza. Huyu akafurahi! "Basi wewe ndiye ninayekutafuta. Hawa wenzangu kijiweni hawana masikio." Na akageuka. Namaanisha aligeuka, uso wake na wangu vikawa vinatazamana, pikipiki inakwenda mbele, lori la mchanga linakuja nyuma.

"Angalia mbele, baba."

"Barabara naijua, mzee. Nisikilize kwanza."

Akaanza. Kwa maelezo yake, ile albamu ya kwanza, The Kid You Know, iliyotoka Desemba 2022, ilikuwa ya mtu mwenye njaa. Hii ya pili ni ya mtu aliyeshiba. "Na mtu aliyeshiba haimbi, mzee. Anabeua." Akanikumbusha kwamba huyu bwana kabla hajaimba mwenyewe alikuwa anawaandikia wengine, ule wa Nandy wa Wasikudanganye ni kalamu yake, na mtu wa kalamu hatakiwi kuingia kwenye kuchezesha watu viuno. Arudi kwenye nyimbo za kulia. Yeye, dereva, anataka kulia. Nilipomuuliza analilia nini akaniambia kuna binti wa Chamazi, na pikipiki ya mkataba yenye hesabu ya bosi elfu kumi kila siku, na kwamba hivyo viwili viliondoka kwa mpangilio: kwanza aliondoka binti, pikipiki nayo iko njiani.

Nikamwonea huruma. Nikakubali: "Kweli, ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi." Sijaisikiliza ya kwanza. Sijaisikiliza ya pili. Lakini ukiwa nyuma ya mtu anayeendesha kwa mkono mmoja, unakubali.

Tatizo ni kwamba pembeni yetu, pale foleni ilipokaza, alikuwepo boda mwingine. Huyu kampakia mama mmoja mnene mwenye kapu, na ndani ya kapu kuna jogoo mzima, kichwa nje, anatazama mji.

"Oya!" akasema yule boda wa pili. "Huyo mzee anakudanganya. Ya pili ndiyo albamu!"

Mimi ndiye niliyedanganya! Mtu nimeitikia tu, basi! Foleni ikafunguka, nikashukuru Mungu, nikajua tumeachana. Wapi. Wote wawili wakaingia kwenye barabara ya mwendokasi, ile ambayo tulikuwa tumejengewa, mabasi yake wakati huo bado tunayasubiri, wakaenda sambamba kama maharusi. Mimi huku na mayai, mama kule na jogoo. Katikati yetu mjadala.

Wa pili ni mtu wa piano. Anasema tangu Bia Tamu ya 2021 hakuna aliyeivalisha amapiano kanzu na kuiongelesha Kiswahili kama Marioo, kwa hiyo anayetaka kulia akalie kwao. Wa kwanza akasema piano ni ya Wasauzi, warudishiwe. Wa pili akasema hata pikipiki unayoiendesha si ya babu yako, irudishe. Hapo nikaona kijana wangu kaguswa kwenye mkataba, akaongeza mafuta. Wa pili naye akaongeza. Mayai yakaanza kuomba dua.

Mama wa kapu, ambaye mpaka hapo alikuwa ametulia, akaingilia. "Mimi muziki sina neno nao. Jina. Jina ndilo linanitia mashaka. Mtoto wa Mungu! Hakuzaa wala hakuzaliwa!"

"Siyo hivyo, mama," akasema wa kwanza, "godson ni mtoto wa ubatizo. Mimi mwenyewe ni godson wa mwalimu mmoja kule kwetu, hata shati hajawahi kuninunulia."

"Albamu ya kwanza mtoto, ya pili mtoto," akasema mama. "Atakua lini? Na yeye mwenyewe tayari ni baba wa mtu." Jogoo akawika. Sikujua yuko upande gani.

Kizuiani kwangu kukapita. Nikasema, "Hapa, baba, hapa hapa, shusha." Hakunisikia. Alikuwa anatafuta wimbo wa ushahidi kwenye simu yake, ile ya kwenye usukani. Akasimama ghafla, trei ikaja mpaka kifuani, ikarudi. Mwenzake naye akasimama. Nikapumua. Kumbe hakusimama kwa ajili yangu.

"Mzee, bando limekata. Niwashie hotispoti."

Naomba msinicheke. Nilikuwa na kifurushi cha wiki. Nilikinunua Jumatatu, nikawa nakitumia kama mtu anayetumia mafuta ya taa, kidogo kidogo, nawasha, nasoma ujumbe wa mchango wa harusi, nazima kabla hawajaona nimesoma. Lakini kijana kanigeukia kwa macho yale ya Chamazi. Nikaingiza mkono mfukoni huku mwingine ukiwa umebeba mayai thelathini, nikawasha. Boda wa pili akasema, "Na mimi naiona hapa, neno la siri?" Nikamtajia. Mama naye akatoa simu, akasema yeye atapakua picha za mjukuu tu, hazitachukua muda.

Basi tukakaa pale ukingoni mwa barabara ya mabasi yasiyokuwepo, watu wanne na kuku, tunasikiliza albamu ya pili kwa gharama zangu. Kila wimbo sekunde kumi. Huyu anasema sikia hapo, yule anasema hapo ndipo alipoharibu. Mimi, kwa kuwa ni mwenye bando, nikaona nina haki ya kuuliza swali moja.

"Wimbo wa mwisho kwenye hiyo albamu unaitwaje?"

Kimya.

"Ziko ngapi?"

Wa kwanza akasema 15. Wa pili akasema 18. Mama akasema nyingi. Nikawabana vizuri: hakuna aliyevuka wimbo wa nne! Watu wanataka kuuana barabarani kwa albamu ambayo wameionja kama mchuzi, kijiko kimoja, basi.

Na hapo hapo, simu zote mbili kwa pamoja, kama walipanga, zikaanza kupiga wimbo wa Hakuna Matata. Na simu yangu ikatetemeka. Ndugu mteja, umetumia asilimia 100 ya kifurushi chako.

Hapo ndipo hadhi iliponitoka.

"Hakuna matata?" nikasema. "Kwa nani? Nauliza, kwa nani? Si huyu huyu alianza kwa kutuimbia Dar Kugumu? Mimi nilimwelewa siku ile! Nilisema huyu kijana kanionaje! Dar kugumu, nikaitikia, kweli baba, kugumu! Sasa yeye kavuka, hongera zake, kaanza hakuna matata, mbona hakutuambia kwamba tunahama? Mimi bado niko kwenye wimbo wa kwanza! Kodi iko kule kule! Ada ya Januari inakuja na sare mpya na mchango wa dawati, na hilo dawati nimelichangia miaka mitatu, sasa hivi lingekuwa kabati! Albamu ya pili! Mimi ya kwanza yangu haijaisha!"

Na katika kusema "haijaisha" nikainua mikono juu. Yote miwili.

Sauti ya trei kwenye lami haifanani na kitu kingine. Jogoo akaangalia chini, akaniangalia mimi, akaangalia tena chini. Sijawahi kutazamwa vile, hata siku ile nilipopeleka barua ya posa.

Yalibaki mayai 11. Mama wa kapu akanisaidia kuyaokota, akanipa mfuko, akaniambia pole baba, nawe ulikuwa na la moyoni. Boda wa pili akasema mzee umeongea, hiyo ndiyo maoni. Boda wa kwanza alikuwa analia, sijui ni yangu au ya Chamazi. Baada ya hapo akajifuta akasema, "Mzee, tumepitiliza mpaka Rangi Tatu. Ongeza jero."

Nyumbani sikueleza haya yote. Nilisema tu barabara mbaya. Mwanangu wa pili akauliza, "Baba, kwani ulikuwa unatembea na viganja juu?" Huyu wa pili ana maneno. Wa kwanza tulimpiga picha mpaka akiwa anapiga chafya; huyu picha yake ya kwanza ni ya cheti cha shule, na shati ni la kaka yake. Na kila akifanya jambo tunasema mwenzio umri huu alikuwa hivi. Nikaanza kuwaza, kumbe hata mimi nyumbani kwangu ninafanya yale yale ya wale boda. Halafu nikaacha kuwaza kwa sababu njaa ilikuwa inauma.

Zamani ulikuwa hununui nusu ya maoni. Kaseti ukishainunua umeinunua, unasikiliza upande wa kwanza, unageuza, unasikiliza wa pili, mkanda ukitoka unaurudisha kwa kalamu, kwa saburi. Ukimaliza umeshachoka, huna hata nguvu za kubishana.

Jana usiku nikasema liwe liwalo, niisikilize nami mpaka mwisho. Bando ndiyo hivyo. Lakini ukuta wetu na jirani ni mmoja, na yeye ana redio. Nikasogeza kiti ukutani. Akaanza, wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikawa natikisa kichwa, kusema haki kijana ana sauti. Wa nne ukafika katikati, umeme wake ukaisha. Nikamsikia anapapasa mita, pii, pii, pii, kisha anamuuliza mkewe kama ana elfu mbili.

Wa nne! Na mimi nikaishia wa nne!

Mama watoto alikuwa kitandani amegeukia ukutani. Akasema, moja kwa moja, bila mtoto: "Ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi."

Nikamuamsha mtoto. "Mwambie mama yako sina maoni."

Sasa huyu wa madumu mbona mpaka saa hizi hajapita? Ndoo ziko kavu tangu alfajiri. Jana alisema saa mbili, saa mbili hiyo sijui ya nchi gani. Nikimfuata pale kona atanianzishia habari za piano, nami sina hata yai la kushika.