Mulevi akitoka hopitali na karatasi tu mu mukono

Mutu anaanguka na moto (pikipiki) usiku akitoka kunywa, banamuleta hopitali, banamushona, banamupiga radio (picha ya mifupa) ya muguu, familia inachanga franka, anarudi kwake Kadutu, hapa Bukavu. Kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji aliyokunywa, haikuulizwa na mutu. Mie naona tunapoteza nafasi ya kumusaidia na pombe hapo, lakini bale banaosema hopitali isijiingize mu mambo ya pombe nabo beko na sababu.

Banasema vitanda vimejaa, na tangu vita ifike hapa Bukavu February 2025 banki zikafunga, familia inatafuta pesa ya seromu kwa shida, sasa ukiongeza siku ingine za kitanda juu ya ulevi nani analipa? Tena asiyelipa banamuzuia mule mule mpaka deni iishe, hiyo kila mutu wa huku anaijua. Na ukimuandikia aende SOSAME, kwa Bafurere ba Charité, kwa sababu kule banatunza bagonjwa ba akili, majirani batasema amekuwa kichaa, kazi inapotea, ata ndoa. Hiyo aibu ni ya kweli, siidharau.

Lakini pombe yenyewe haingoje. Mutu mwenye kunywa kila siku akiikosa gafla juu amelazwa, mu masaa 6 mpaka 24 anaanza kutetemeka, jasho, kutapika, bengine banapata kifafa, na kuanzia siku ya pili mpaka ya ine anaweza kuona vitu visivyokuwako, kuchanganyikiwa kabisa, na inaua. Familia inasema amerogwa, inamutoa inamupeleka mu chumba ya maombi. Kumbe diazepamu na vitamini B1 zikitolewa mapema zinamusaidia sana, na hazina bei kali. Kwa hiyo kumuuliza "unakunywaka ngapi, ya mwisho ilikuwa lini" ni sehemu ya kutunza ule muguu uliovunjika. Hapo mie sibishani na mutu.

Kisha akipona vidonda? Hapo njo ngumu. Marekani, ku hopitali moja ya New Haven, bachunguzi balitangaza mu 2015 kazi yao kwa bagonjwa 329 ba eroini na dawa za jamii yake walioingia irijansi, pale banapokea bagonjwa ba haraka: waliopewa tu anwani za kwenda kutunzwa, kisha siku 30, 37% tu njo walikuwa ku matunzo, walioanzishiwa pale pale buprenofini, dawa inayopunguza hamu ya eroini, 78%. Ile dawa si ya pombe, basi hatuwezi kuichukua vile ilivyo tulete huku, ila tofauti ya kuanza palepale na kutumwa na karatasi inanishika.

Kule kwao tena kuna hopitali zinalipa batu walioacha pombe ama dawa za kulevya bakuje kukaa na mugonjwa ku kitanda. Batu ba vile tuko nabo, mu kanisa na mu musikiti, shida ni kwamba bengine banamwambia mugonjwa aache dawa asali tu, bengine kesho yake kartiye nzima imeshajua, na kazi ya bure inachosha ata mutu wa roho nzuri. Balipwe kitu basi, ata kidogo, bafundishwe kunyamaza, na mugonjwa aulizwe kwanza kama anataka. Akikataa asilazimishwe, apewe namba ya simu, na siku anarudi kutolewa nyuzi infirmiye amuulize tena.