Visanduku vya Majibu Navyo Vinauliza

Nilikaa siku tatu Ngamiani, hapa Tanga, nikimsaidia rafiki kukusanya majibu ya dodoso la afya ya akili. Bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mchele barazani aliulizwa, "Hupati usingizi?" Akajibu, "Hapana, mjukuu wangu," nasi tukatia alama kwenye Hapana, yaani hana tatizo. Ni wakati wa kuagana tu ndipo aliposema kwamba usiku uliopita hakupata hata lepe.

Bibi hakukosea. Katika Kiswahili, "hapana" baada ya swali la kukanusha yaweza kuwa "hapana, sipati" au "hapana, napata", na kisanduku hakisikii sauti.

Tangu mwanasaikolojia Rensis Likert alipoeleza mwaka 1932 namna ya kupima mitazamo kwa ngazi za kukubali na kukataa, wengi wamezichukulia ngazi hizo kama rula isiyobadilika. Sikubaliani nao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, Wajerumani waliulizwa wamefanikiwa kiasi gani maishani, kwa ngazi 11 zilezile: wengine kuanzia 0 hadi 10, wengine kuanzia −5 hadi 5. Waliojiweka kuanzia katikati kwenda chini walikuwa asilimia 34 katika kundi la kwanza na asilimia 13 katika la pili, kwa kuwa sifuri ya mwisho ilieleweka kama kukosa mafanikio, ilhali −5 ilieleweka kama kushindwa kabisa.

Kinachonisumbua zaidi ni PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali tisa, ambalo huuliza dalili za wiki mbili zilizopita kwa majibu manne yenye alama 0 hadi 3. Jibu la tatu, likitafsiriwa neno kwa neno, huwa "zaidi ya nusu ya siku". Kwa kuwa "siku" haina umbo la wingi, msikilizaji aweza kufikiria saa za kutwa moja, wala si siku nane kati ya 14. Jumla ya alama 10 ndiyo hutumiwa mara nyingi kuamua nani achunguzwe zaidi, kwa hiyo maswali mawili yaliyosikika vibaya yanatosha kumwacha mgonjwa nje ya mlango.

Ningependa majibu yasomwe barazani kwanza, kwa sauti, na kila mtu aeleze alichosikia, kabla fomu haijapigwa chapa. Kwa swali la bibi, ningeandika "Napata usingizi" na "Sipati usingizi", bila ndiyo wala hapana.