Waliochelewa Wote, Maabara ya Kemia!

Juzi nimeulizwa tena lile swali. "Kwa hiyo miaka yote hiyo chuoni unasomea kulima?" Nikamjibu kwa upole kwamba nasomea ualimu wa kilimo. Akacheka. "Yaani kufundisha watu kulima! Mbona babu zetu hawakufundishwa na mtu mwenye digrii?" Nilikuwa na jibu refu, nikalimeza kwa heshima ya mwenye nyumba. Leo nimekuja kulitapika hapa.

Anayeniuliza hivyo simlaumu sana. Dharau hiyo alifundishwa, na aliyemfundisha ni shule. Nililiona hilo kwa macho yangu nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

Nilipewa kipande cha ardhi nyuma ya madarasa. Mimi na wanafunzi wangu tukakigawa vitalu viwili, tukapanda maharage kote. Kitalu kimoja tukakitia urea, ambayo asilimia 46 yake ni nitrojeni. Cha pili hatukukitia kitu, makusudi. Tulipanga kusubiri maua yatoke, kisha tung'oe mimea kadhaa kila upande, tusuuze mizizi kwenye ndoo na tuhesabu vinundu, vile vivimbe vidogo vya mizizini wanamoishi bakteria wanaoupa mmea nitrojeni. Mharage ukishapewa nitrojeni ya bure huwa mvivu, vinundu vinapungua, kwa nini uhangaike kulisha bakteria? Ningeweza kuliandika hilo ubaoni kwa dakika mbili. Nilitaka walione.

Siku moja tuling'oa mche mmoja mapema, kuonja tu. Nikapasua kinundu kwa wembe, ndani kikawa na wekundu kama ufizi. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu nifike hakuwahi kunyoosha kidole, akauliza, "Mwalimu, kwani mmea una damu?" Hakuwa mbali na ukweli. Wekundu ule unatokana na protini ya ukoo mmoja na ile inayoipa damu yetu rangi, na kinundu kisicho nao hakina kazi kinayoifanya. Alikaa na kile kipande kiganjani mpaka kengele ikalia.

Jumatatu iliyofuata mwalimu wa zamu aliwakusanya waliochelewa mstarini akawapeleka "shamba la kilimo" wakapalilie. Walipalilia kweli! Kitalu kisichotiwa mbolea kilikuwa kimepauka kidogo, wakakiona kama magugu, wakakikwangua mpaka udongo ukang'aa. Nilipomfuata mwenzangu, alishangaa kuniona nimekasirika. "Mwalimu, si wamekusaidia?"

Sasa naomba mnijibu. Ni nani kati yenu amewahi kusikia, "Waliochelewa wote, maabara ya kemia, mkapime asidi saa nzima"? Kuna aliyepiga kelele darasani akaadhibiwa kwa kutatua milinganyo ya fizikia? Maabara ya kemia ina kufuli na orodha ya vifaa, ikivunjika chupa moja watu wanaandika barua. Shamba ndiyo maabara yangu, na ufunguo wake anao kila mtu mwenye hasira. Mtoto amekabidhiwa jembe kila alipokosea, tangu darasa la kwanza. Siku ya kuchagua masomo unasimama mbele yake unamwambia kilimo ni sayansi, kilimo ni ajira. Atakuamini vipi? Yeye anakijua kilimo: ni kile unachofanyishwa ukiwa na makosa. Na akija kuwa mzazi, atamwambia mwanawe asome asije akaishia shambani. Halafu tunaitisha mikutano ya kujiuliza kwa nini vijana wanakimbia kilimo.

Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba la ngano liitwalo Broadbalk. Ndani yake kuna ukanda ambao haujatiwa mbolea tangu 1843. Mavuno yake ni ya kusikitisha, na hakuna anayeuonea huruma, kwa sababu bila huo ukanda usingejua mbolea kwenye kanda nyingine imefanya nini. Vizazi vya watu vimeulinda "umasikini" wake. Wangu haukumaliza miezi miwili.

Kuhusu babu: ni kweli, walijua kuchanganya kunde na nafaka kabla ya chuo chochote kuwapo. Lakini sababu yake ilisubiri mpaka miaka ya 1880, wanasayansi Hellriegel na Wilfarth walipoonyesha kule Ujerumani kwamba vinundu ndivyo vinavyonasa nitrojeni ya hewani. Mwalimu anatakiwa ayabebe yote mawili, na ndiyo maana digrii hii ni kama digrii mbili zilizofungwa kamba moja. Asubuhi udongo, jenetiki, takwimu, magonjwa ya mifugo. Jioni saikolojia ya elimu na maandalio ya somo.

Haya, nikubali na moja, ingawa inaniuma. Chuo nacho kina dhambi zake. Mtihani wa kubebesha miche, yaani kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, niliufaulu vizuri sana kabla sijawahi kushika kisu. Nilichora kikonyo, nikachora shina, nikaweka mishale. Siku niliposhika kisu chenyewe, miche yangu ilikauka karibu yote. Aliyejifunza kwa mishale atafundisha kwa mishale, na huyo kwa kweli hana tofauti kubwa na mwalimu wa zamu.

Tulipanda upya, vitalu vyote viwili ili viwe sawa. Safari hii nikachomeka kibao: KITALU CHA MAJARIBIO, USIPALILIE. Muda wangu ukaisha kabla maua hayajatoka. Wiki kadhaa baadaye nikaletewa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, ina udongo pembeni. Yule binti alikuwa amehesabu mwenyewe: safu mbili za namba, hiki na kile, bila salamu. Chini kabisa aliandika, "Mwalimu, mbona vingine ndani ni vyeupe?"