Runinga Inataka Kubembelezwa Kuliko Mpishi

Jamani, kupika biriani tamu siku hizi haitoshi? Lazima ionekane pia ukutani ikipakuliwa, mvuke ukipanda, na mkono wa mtu asiyejulikana ukinyunyiza kitunguu cha kukaanga! Ami yangu mwenye mkahawa hapa Mwembe Tayari alikwenda Nyali, akala mahali penye skrini ukutani inayoonyesha video za vyakula, akarudi ugonjwa umeshamwingia. Ubao wetu wa chaki ukang'olewa siku hiyo hiyo. Ubao ule, stima ipotee isipotee, haukuwahi kukwama katikati ya neno pilau.

Ikanunuliwa runinga ya inchi 55. Mimi ni wa kaunta, na kwa Ami mtu wa kaunta ndiye mwenyewe wa kila kitu kisicho na mwenyewe. Rimoti nikakabidhiwa.

Tulianza na flashi. Unaichomeka nyuma ya runinga, video inacheza, haya, alhamdulillahi. Ila runinga ile ni ya sebuleni, haijui habari za duka. Video ikifika mwisho inarudi kwenye orodha ya mafaili na kukungoja uje na rimoti. Wateja wakawa wanakula huku wanasoma "biriani_mwisho", "biriani_mwisho_kabisa", "biriani_hii_ndiyo". Mzee mmoja akaniita kwa upole, "Mwanangu, hii ya mwisho kabisa ni bei gani? Na kwani kesho hampiki?"

Binti wa Ami, anayesoma chuo na anayejua kila kitu, akasema flashi ni mambo ya kale, tucheze moja kwa moja kutoka mtandaoni. Yakhe! Ijumaa, watu wametoka msikitini, foleni imefika barazani, na ukutani kuna kiduara kinazunguka tu. Kiduara kikichoka kuzunguka, linaingia tangazo la dawa ya kiungulia, mbele ya watu walioshika sahani. Bando nalo linakwisha, maana kila video ikirudia inavutwa upya kutoka huko iliko. Mtungi umejaa maji jikoni, wewe unaagiza ya kunywa kutoka ng'ambo?

Ndipo akaletwa fundi, kijana mpole mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Akatoa kompyuta iitwayo Raspberry Pi 4, ukubwa wake kadi ya benki. Ami akaishika kwa vidole viwili.

"Hii ndiyo itabeba biriani yangu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mbona haina hata kifuniko?"

Kifuniko kikanunuliwa. Video ikawekwa ndani ya kidude chenyewe, intaneti tukaachana nayo. Kumbe safari bado. Binti alikuwa ameipiga kwa simu yake ya bei, picha za 4K, yaani kali na nzito kupindukia, zimefungwa kwa H.264, namna moja ya kuibana video isijaze nafasi. Fundi akatueleza kwamba kidude kina sehemu yake maalumu ya kufungua H.264, lakini mwisho wake ni 1080p, picha ndogo kuliko 4K. Ukikizidishia, kazi yote inaiangukia prosesa, ubongo wa kidude, nayo inabaki kuhema. Ndiyo maana kuku alikuwa mara yuko upande huu wa jiko, mara yuko ule, na katikati hakuna aliyemwona akipita. Halafu akaganda kabisa, kuku wa kupaka, rojo linang'aa. Wallahi kila aliyeingia akaagiza kuku wa kupaka. Adhuhuri haijaadhiniwa, kuku kwisha, na sufuria la pilau halijaguswa. "Kama hamna, mwatuonyeshea nini?" Anayejibu ni nani? Mtu wa kaunta.

Fundi akaibadilisha video ikawa 1080p, fremu 30 kwa sekunde. Kuku akaanza kugeuka kwa adabu. Tukapiga makofi. Mara pembeni mwa skrini ikatokea alama ya radi.

"Mvua yaja?" Ami akauliza, akatazama nje. Jua kali.

Kumbe kidude kinalia njaa ya umeme. Chakula chake ni volti 5.1 na ampea 3, na mpishi alikuwa amekichomekea chaja ya simu yake ya zamani, ile bandia ya sokoni, ili ile chaja nzuri aichukue yeye. Mpishi hagombezwi, akisusa tutakula video. Nikanunua chaja nyingine, nikaifunga kwa utepe.

Halafu joto. Tulikipachika nyuma ya runinga, juu ya dirisha la jikoni, mvuke wote unapitia hapo. Fundi anasema kikifika nyuzi 80 za Selsiasi kinapunguza kasi chenyewe, kujilinda. Ami akasikitika, akaagiza kinunuliwe kifeni. Mimi Februari nzima nimeomba feni ya kaunta, jibu lake ni kwamba vijana wa siku hizi wavivu.

Lililoninyima usingizi zaidi ni stima. Inapotea bila salamu, inarudi bila hodi. Kadi ya memori ikikatiwa umeme wakati inaandikwa, mafaili yanaweza kuharibika, na asubuhi unakuta maandishi meupe juu ya weusi na wateja wanakutazama wewe. Hapo kijana nilimvulia kofia. Aliifunga kadi iwe ya kusomwa tu, akaweka UPS, betri ya kushika zamu stima ikipotea, akapanga kidude kikipata umeme kijiwashe na kuanza video bila kumuuliza mtu. Kila alfajiri saa kumi kinajizima na kujiwasha upya, sisi tumelala. Akaizima pia ile tabia ya skrini kulala ikikaa muda bila kuguswa.

Sasa inacheza. Biriani, pilau, kuku, mahamri, inarudia, haikosei. Nikadhani nimepumzika.

Jana Ami kamwita tena fundi, kamkalisha, kamletea chai na viazi karai. Anasema amepiga hesabu zake: siku ile video ilipoganda ndiyo siku kuku alimalizika mapema kuliko siku zote. Kwa hivyo ikifika alasiri na pilau imebaki, anataka igande kwenye pilau.

Fundi akamaliza chai yake. "Mzee, kuifanya isigande ilikuwa bei moja. Kuigandisha ni bei nyingine."