Dagaa si chakula cha kuku tu

Mjadala wetu wa mafuta ya kula umekwama kwenye swali moja: yana kolesteroli au hayana? Chupa ikishaandikwa "haina kolesteroli", tunaridhika. Mimi naona swali hilo ni dogo mno, kwani mafuta ya mimea yote yangepita mtihani huo. Mafuta tunayokula hayaishii kiunoni wala kwenye mishipa ya moyo. Huingia hadi kwenye kuta za seli nyeupe za damu, zile zinazotukinga na maradhi, yakawa sehemu ya kuta hizo.

Hapo ndipo aina ya mafuta inapokuwa na uzito. Vijidudu vikiingia kwenye kidonda, seli hizo huchomoa mafuta kutoka kwenye kuta zake na kuyageuza kemikali za kuitana. Mafuta ya jamii ya omega-6, kama yale yaliyojaa kwenye alizeti, huzaa kemikali ziitwazo prostaglandini, na ndiyo maana mahali huvimba, hupata joto na kuuma. Aspirini hutuliza kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, alilionyesha hilo mwaka 1971, akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Omega-3, jamii nyingine ya mafuta inayopatikana kwa samaki, huzaa kemikali zenye uchochezi mdogo zaidi, pamoja na resolvini, ambazo kazi yake ni kuumaliza uvimbe hatari ikishapita.

Simlaumu mkulima wa alizeti wa Singida. Omega-6 ni ya lazima mwilini, na majaribio kwa watu hayajaonyesha kwamba alizeti yenyewe huongeza uvimbe. Ila alizeti karibu haina omega-3 kabisa, na tuliyo nayo tunaidharau. Dagaa wa Ziwa Victoria wana omega-3 ya kutosha, lakini shehena kwa shehena husagwa kuwa chakula cha kuku. Nyumbani tunawaita mboga ya mwisho wa mwezi, halafu tunaingia duka la dawa kununua vidonge vya mafuta ya samaki kutoka nje! Jambo hili linaniuma kweli.

Ukifika sokoni, inama unuse. Dagaa wa kwenye chanja hubaki na rangi ya fedha. Walioanikwa chini huja na mchanga, na wenye matumbo ya njano na harufu kali, mafuta yao yameshaharibika. Wakaange kidogo kwa mafuta mapya, si yale meusi yaliyokaanga chipsi tangu juzi, kisha uwaunge kwa nyanya na kitunguu. Mchicha usikose pembeni: mwili huutumia kutengeneza vitamini A, ambayo kinga inaihitaji sana, na bila mafuta kidogo haunufaishi ipasavyo.