Huru Si Bure, Jamani

Asiyeniamini na aje Langoni, hapa Lamu, alasiri, akae barazani kwangu nusu saa. Ataziona mwenyewe: simu mbili zilizotumbukia baharini, redio ya mzee wa jirani, feni iliyovunjika shingo. Wenyewe wameshaziacha, wamekwenda zao. Nikitaja malipo naulizwa, "Si ulisema kazi yako ni bure?"

Kosa nililifanya mimi. Nilikaa na watu nikawaeleza habari za programu huria za kompyuta: unaitumia, unaifungua, unaitengeneza upendavyo, unamgawia mwenzako. Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha harakati hizi, amehangaika na jambo hili tangu 1983, maana Kiingereza kina neno moja, "free", kwa uhuru na kwa kutolipa. Sisi Mungu katupa mawili, huru na bure. Mtaa mzima ukasikia moja.

Tena huko "bure" kwenyewe usikuone hivyo. Kule Brussels kila mwaka kuna FOSDEM, mkutano mkubwa wa watu wa programu huria. Kuingia hulipi, hata kujiandikisha hujiandikishi, unasukuma mlango tu. Ila mlango wenyewe uko Ubelgiji. Basi mimi nikaenda wa Mombasa.

Nilivuka na boti ya alfajiri hadi Mokowe, nikapanda basi. Begini nina Raspberry Pi, betri, sensa ya kupimia umbali na fungu la nyaya. Kizuizi cha kwanza tu, sote chini, mabegi wazi.

"Hii nini?"

"Kompyuta, afande."

Akaiweka kiganjani. Ukubwa wake kama kadi ya benki. "Skrini iko wapi?"

"Haina."

"Na pa kuchapia?"

"Hapana."

"Sasa ni kompyuta ya kufanyia nini?"

"Ya kupima maji kwenye tangi la mama mkwe."

Abiria wote juani wananikodolea macho. Bibi mmoja mwenye kikapu akanionea huruma: "Mwanangu, kwani huwezi kuchungulia?"

Askari alicheka mpaka akaturuhusu sote. Mkutanoni nilifika nimechelewa, projekta ikaikataa laptopu yangu, nikazungumza dakika tano. Nikarudi na stika kumi na fulana ambayo punda wa jirani ingemtosha na nafasi ikabaki.

Lakini kichwa kilikuwa kimenivimba. Sensa ile, HC-SR04, hupiga mlio usiosikika, ikapima mwangwi unarudi baada ya muda gani. Inakula volti 5 na inajibu kwa volti 5, na pini za Raspberry Pi mwisho wake ni 3.3. Katikati zinatakiwa rezista mbili za kupunguza nguvu ya umeme, vitu vya shilingi chache. Mtu niliyetoka kuhutubia Mombasa nishughulike na rezista? Nikachomeka moja kwa moja. Harufu ile hata mama mkwe aliisikia, akadhani mchele umeungua.

Raspberry Pi ya pili nikaiwekea rezista zake, ikafanya kazi wiki tatu. Kisha hewa ya chumvi ikaniingilia. Nilipofungua kiboksi, pini zimeota kijani kama senti za zamani, na mjusi kataga yai juu ya betri. Siku hiyo simu yangu ilileta taarifa kwamba juu ya maji kuna mita nne za nafasi tupu. Tangi lenyewe lina mita moja na nusu.

Mama mkwe akapanda darini na upawa wake. Akagonga chini, ngo. Akagonga katikati, ngo. Akapandisha kidogo, du.

"Nusu na ziada ya ndoo mbili."

Nikachungulia. Nusu, na ziada ya ndoo mbili.

Sasa naona dawa ni maikrofoni. Naifundisha programu mlio wa upawa, ngo ni maji, du ni hewa, kazi imekwisha. Nimemweleza mke wangu mpango wote, tangu waya wa kwanza hadi wa mwisho. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaniletea blenda ya dada yake.