Marathoni ni kichwa au ni miguu?

Jumamosi asubuhi hapa Mwanza ukipita barabara ya Musoma, kuanzia Mabatini mpaka Igoma huko, vikundi vya jogingi vimejaa, na ukikimbia nao kidogo tu lazima atokee mtu wa kukwambia "marathoni ni kichwa bana, miguu inafuata". Halafu kuna wabishi, wengi ni wale waliokimbia miaka mingi, wao wanasema hayo ni maneno ya motivesheni tu, kama huna mazoezi ya kutosha hicho kichwa kitakubeba na nini? Mimi sioni kama kuna upande unaodanganya, ila watu wa kichwa wanakitafuta wakati kimeshachelewa.

Hoja yao siyo ya kijiweni lakini. Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake waliwapa watu kazi ya kuchosha akili kwenye kompyuta kwa dakika 90, wakatoka hapo wakapandishwa kwenye baiskeli za mazoezi, na wakaacha mapema kuliko siku waliyokaa wanaangalia filamu tulivu. Moyo na pumzi havikuonyesha tofauti ya maana, ila wao waliona kazi ni ngumu zaidi tangu mwanzo. Kwahiyo ukitoka kugombana na hesabu za duka siku nzima halafu jioni miguu inagoma, siyo uvivu.

Na Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, je? Mashindano ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kilomita 42 zimeisha, Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele yake na utepe huo hapo, Simbu akampita mwishoni kabisa, wote wakaandikiwa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Pale wa kichwa wanashangilia, haya ndo tunayosema! Sawa, ila huyo jamaa alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016 na akachukua shaba mashindano ya dunia London 2017, yaani kichwa chake kilikuta miguu iliyoandaliwa miaka na miaka. Mtu aliyeanza jogingi mwezi uliopita akijilinganisha na zile mita za mwisho anajidanganya tu.

Shida yangu kubwa iko kwenye kilomita ya 30. Sukari ambayo mwili umeihifadhi kwa wengi wetu inakaribia kuisha maeneo hayo, na hapo utamwona mtu mabega yameshuka, chumvi nyeupe imemkauka kwenye mashavu, raba zinaburuza lami, ukimuuliza zimebaki ngapi anakuangalia tu. Pembeni watu wanapiga kelele "kaza! kaza!" Akaze nini sasa, huyo anahitaji kitu kitamu na kivuli. Hapa Mwanza ukichelewa kuanza, ikifika saa nne jua linakupiga juu na lami inakurudishia joto chini, kizunguzungu na kuongea ovyo saa hizo siyo udhaifu wa akili, ni mwili unaelekea pabaya na anatakiwa asimamishwe, hata kama atachukia. (Najua mtu atanitajia John Stephen Akhwari, Mtanzania wa Olimpiki ya Mexico 1968, aliyemaliza wa mwisho na goti limefungwa bandeji. Heshima yake ipo palepale, ila siyo ruhusa ya kila mwenye goti bovu kujiumiza.)

Kichwa ninachokitaka mimi ni cha kilomita za mwanzo, kile cha kukubali kupitwa. Hii ni ngumu kuliko watu wanavyodhani, maana mwanzoni mwili mwepesi, muziki unapigwa, wenzako wanachomoka. Hata wakubwa inawashinda: Mtanzania mwingine, Juma Ikangaa, nani atasema hakuwa na roho ngumu, kashinda marathoni ya New York 1989, lakini ya Boston alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988 mpaka 1990, na hiyo ya 1990 alitoka na moto tangu mwanzo, Gelindo Bordin akaja kumkuta mbele ya safari.

Kwahiyo wa kichwa wapewe haki yao, ila wahamie mwanzo wa mbio. Na kipimo tunacho toka shule ya msingi, mchakamchaka. Kama mnaelekea Kisesa mnaimba na bado unaweza kuitikia, spidi yako iko poa, ukiona unaitikia nusu nusu punguza, hao waliokupita Mabatini wengine utawakuta Igoma wanatembea.